Mshipa Si Bomba

Mji wa Thika umekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, na mji wa Ruiru una jina moja na mto wake. Mito hiyo huanza kwenye miinuko ya Nyandarua, hushuka katika mashamba ya chai na kahawa, kisha hufika kwetu ikiwa imechukua rangi ya udongo ilioupitia. Huko juu wanadamu wameizuia kwa mabwawa. Bwawa la Ruiru lilijengwa katikati ya karne ya 20; lile la Ndakaini, katika mto Thika, lilikamilika mwaka 1994, nalo huweza kushika maji yapatayo mita za ujazo milioni 70. Kutoka huko maji hupelekwa Nairobi kwa mabomba makubwa. Kwa hiyo sisi wakazi wa pande hizi tunazijua vyema njia mbili za maji: mto na bomba.

Tazama tofauti yao, ndugu msomaji. Bomba ni kitu kisicho na uhai. Maji yakiwa mengi au machache, safi au machafu, bomba halina habari. Hungoja fundi aje afungue au afunge. Mto una kingo zilizo hai. Mafunjo na mizizi ya mikuyu hushika udongo wake, hunywa maji yake, hupunguza kasi ya mafuriko, na hubadilika kwa kadiri maji yanavyobadilika. Ukiikata mimea yote ya ukingoni, mto ule ule uliokuwa ukilisha shamba utalibomoa shamba. Sasa jiulize swali ambalo wataalamu wa dunia walilijibu nusu tu kwa muda wa miaka zaidi ya 300: mshipa wa damu ulio mwilini mwako umefanana na mto, au umefanana na bomba?

Insha hii yakusudia kukusimulia jinsi swali hilo lilivyojibiwa, na kukuonyesha kwa nini jibu lake lawahusu watu wa Thika na Ruiru leo.

Wa kwanza kueleza sehemu ya safari ya damu kwa usahihi alikuwa tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Sham na kufanya kazi Misri katika karne ya 13. Yeye alisema kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita katika mapafu, kisha hurudi upande wa kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichothibitisha kwamba moyo husukuma damu izunguke mwili mzima na kurudi ulikotoka. Mwaka 1733 kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, akatangaza habari ya jaribio la ajabu: alitia mrija katika mshipa wa farasi, akauunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimama wima, na damu ikapanda ndani yake hata ikapita kimo cha futi 8. Hapo ndipo shinikizo la damu lilipopimwa kwa mara ya kwanza. Kipimo kisichomjeruhi mtu kilikuja baadaye. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alibuni mkanda wa kufunga mkononi, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza jinsi ya kusikiliza sauti ya damu chini ya mkanda huo. Hata leo, muuguzi akufungapo mkanda na kukusomea namba mbili, anafuata kazi ya watu hao wawili.

Katika hesabu hizo zote moyo ulikuwa pampu na mishipa ilikuwa mabomba. Mfano huo haukuwa wa kipumbavu, kwa kuwa ulisaidia sana. Kanuni za maji bombani hutufundisha jambo kubwa: upana wa njia ukipunguzwa ukawa nusu, na nguvu ya kusukuma ikabaki ile ile, basi kiasi kipitacho hakipungui kuwa nusu, hupungua hata kuwa sehemu moja katika 16. Kwa hiyo badiliko dogo mno katika upana wa mishipa midogo ya mwili huleta badiliko kubwa katika shinikizo la damu yote. Lakini hapo ndipo swali linapozaliwa. Ni nani anayeamuru mshipa upanuke au ujikaze?

Jibu la kwanza lilikuwa neva. Katikati ya karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba neva huongoza misuli iliyomo katika kuta za mishipa. Jibu la pili lilikuwa homoni. Neno hilo lililetwa na Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea, awe ni mjumbe wa kemikali atokaye katika kiungo kimoja, akasafiri ndani ya damu na kutoa amri kwa kiungo kingine. Tayari mwaka 1898, huko Sweden, Robert Tigerstedt na msaidizi wake Bergman walikuwa wamegundua katika figo kitu kinachopandisha shinikizo la damu, wakakiita renini. Kwa majibu hayo mawili mshipa ukaonekana kuwa mtumishi apokeaye amri kutoka ubongoni, kutoka figoni na kwingineko, asiyekuwa na neno lake mwenyewe. Na ule utando mwembamba ulioutandaza mshipa kwa ndani, wenye unene wa seli moja tu, ulidhaniwa kuwa kifuniko laini cha kuzuia damu isivuje. Wataalamu huuita endotheliamu. Katika insha hii nitauita utando wa ndani.

Katika mwaka 1967, huko London, Ng na John Vane walionyesha kwamba kitu kiitwacho anjiotensini, kitokanacho na kazi ya renini, hupata nguvu yake kamili damu inapopita katika mapafu. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kilichokaa juu ya utando wa ndani wa mishipa. Kifuniko kile kilichodharauliwa kumbe kilikuwa na karakana. Wakati huo huo Mbrazili Sérgio Ferreira alikuwa amechunguza sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca, ambaye akimuuma mtu shinikizo lake la damu huanguka. Ilionekana kwamba ndani ya sumu hiyo mna vitu vinavyokizuia kimeng'enya kile. Kutokana na maarifa hayo wakemia wa Marekani walitengeneza dawa ya kaptopirili, iliyoruhusiwa kutumiwa mwaka 1981, na nyingine za ukoo wake zikafuata, kama enalapirili inayotolewa katika hospitali zetu.

Mwaka 1976 Vane, pamoja na Salvador Moncada mzaliwa wa Honduras na wenzao, wakagundua kwamba kuta za mishipa zenyewe hutoa kitu kinachopanua mshipa na kuzuia damu isigande mahali pasipotakiwa. Kiliitwa prostasaiklini. Hapo mshipa ulionekana waziwazi kuwa mtoaji wa amri. Vane alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, akishirikiana na Wasweden wawili.

Lakini kisa kilicho kikubwa kuliko vyote ni cha Robert Furchgott, mtaalamu wa New York. Kwa miaka mingi alikuwa akikata vipande vya mshipa mkubwa wa sungura, akivitundika ndani ya maji ya chumvi na kuvipima vinavyojikaza na kulegea. Kulikuwa na fumbo lililomsumbua. Kemikali iitwayo asetilikolini, ikitiwa katika mwili wa mnyama aliye hai, hupanua mishipa na kushusha shinikizo. Lakini ikitiwa juu ya vipande vyake mezani, vilijikaza. Kitu kimoja, matokeo mawili yanayopingana!

Siku moja ya mwaka 1978 msaidizi wake hakufuata maagizo kama yalivyoandikwa, na kipande cha mshipa kikalegea. Mwingine angekasirika, akatupa matokeo na kuagiza kazi irudiwe. Furchgott alikaa na kuuliza kwa nini. Baada ya kuchunguza aliona kwamba katika kuvitayarisha vipande, upande wa ndani wa mshipa ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia, na utando wa ndani ukatoka. Vipande vilivyobaki na utando wao vililegea, vilivyosuguliwa vilijikaza. Basi akafanya jaribio ambalo hata mtoto wa darasa aweza kulielewa. Alichukua kipande kisicho na utando, akakibandika uso kwa uso na kipande chenye utando, kisha akatia asetilikolini. Kipande kile kisicho na utando nacho kikalegea. Maana yake nini? Kuna kitu kilichotoka katika utando wa jirani, kikavuka, kikatoa amri. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1980.

Angalia jambo hili kwa makini, msomaji. Kwa miaka mingi mikono ya wataalamu ilikuwa ikikifuta kile kile walichokuwa wakikitafuta, kisha wakashangaa kwamba hawakioni. Sheria yao ya zamani ilikuwa kweli juu ya mshipa uliochunwa, na haikuwa kweli juu ya mshipa ulio hai.

Mjumbe huyo alikuwa nani? Ilichukua miaka sita kumjua. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walitoa wazo kwamba ni hewa: oksidi ya nitriki, yenye atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni tu. Mwaka 1987 Moncada na wenzake walionyesha kwamba seli za utando wa ndani huitoa kweli. Wengi walistaajabu, kwa sababu hewa hiyo hujulikana katika moshi wa magari, na hakuna aliyedhani kwamba mwili huitengeneza kwa makusudi. Huishi sekunde chache tu, huingia katika msuli wa mshipa na kuulegeza, kisha hupotea.

Ugunduzi huo ulifumbua na fumbo jingine la kale. Nitrogliserini ni maji yalipukayo yaliyotengenezwa mara ya kwanza na Mwitaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847, na Alfred Nobel wa Sweden aliyachanganya na udongo maalumu akapata baruti ya dainamaiti mwaka 1867, baruti iliyopasua miamba na kufungua njia za reli duniani. Lakini mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, aliandika kwamba kiasi kidogo sana cha nitrogliserini humpunguzia mgonjwa wa moyo maumivu ya kifua. Nobel mwenyewe, alipougua moyo, aliandikiwa na matabibu wake dawa iliyokuwa ndani ya baruti yake. Alifariki mwaka 1896. Kwa karibu miaka mia moja wagonjwa waliitumia na madaktari hawakujua hufanyaje kazi. Mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kwamba dawa hiyo na jamaa zake huleta oksidi ya nitriki. Kumbe dawa ilikuwa ikifanya kazi ambayo mshipa wenye afya huifanya wenyewe. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, tuzo iliyoanzishwa kwa mali iliyotokana na baruti.

Penye kulegeza hapakosi kukaza. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Tsukuba huko Japani, kijana Masashi Yanagisawa na walimu wake walitangaza kwamba utando huo huo hutoa kitu kingine, endothelini, chenye asidi amino 21, kinachokaza mishipa kwa nguvu nyingi na kwa muda mrefu. Mwaka ule ule ikaonekana kwamba kinafanana sana na sumu ya nyoka fulani wa kuchimba ardhini, ambao jamaa zao wako hata Afrika ya Mashariki. Nyoka wa Brazili aliwasaidia watu kuelewa jinsi mshipa unavyozuiwa usijikaze. Nyoka huyu aliwaonyesha namna unavyokazwa kupita kiasi.

Basi tukusanye maarifa haya pamoja. Utando wa ndani husikia mwendo wa damu inayousugua. Ukikimbia mbio uwanjani, damu hupita kwa wingi, utando huhisi msuguo ule, hutoa oksidi ya nitriki, na mishipa hupanuka ili misuli ya miguu ipate damu ya kutosha. Hutoa prostasaiklini ili damu isigande. Ukijeruhiwa, mshipa uliokatika hujikaza ili damu isitoke yote. Endothelini na anjiotensini huvuta upande mmoja, oksidi ya nitriki na prostasaiklini huvuta upande wa pili, na shinikizo la damu hukaa katikati yao.

Huenda ukauliza kama wajumbe hawa wanastahili jina la homoni. Homoni za Starling husafiri mbali, lakini wengi wa hawa huishia kwa jirani. Mfano wake ni huu. Homoni ya figo au ya tezi ni kama waraka wa serikali utokao Nairobi kwenda kaunti zote. Homoni ya mshipa ni kama neno la mzee wa nyumba kumi, ambalo lasikika katika ua wake tu, lakini linasikika upesi, na linatolewa na mtu anayeona kwa macho yake kinachotendeka. Wataalamu wameziita homoni za mahali, na mwili hauwezi kuishi kwa nyaraka za mbali peke yake.

Hadi hapa nimesimulia habari za maabara za Ulaya, Amerika na Japani. Lakini kuna historia nyingine ya shinikizo la damu, na hiyo iliandikwa katika nchi yetu.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii na Nyanza, alichapisha vipimo vya damu vya Waafrika wapatao 1,000. Aliona kwamba shinikizo lao halikupanda kwa kadiri walivyozeeka, ilhali la Wazungu lilipanda. Katika wagonjwa wapatao 1,800 wa hospitali yake hakupata hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu. Vipimo hivyo vilikuwa vya kweli, na yeye mwenyewe aliyatazama maisha ya watu kuwa ndiyo sababu. Lakini ukweli uliopimwa mahali pamoja kwa wakati mmoja ni rahisi kuugeuza kuwa sheria ya milele, na dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wageni ilikaa katika vichwa vya watu kwa muda mrefu.

Watafiti wa baadaye waliipima dhana hiyo kwa njia ya busara: walifuata watu wanaohama. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, alichunguza Wasamburu wa kaskazini ya Kenya. Wale waliobaki na mifugo walikuwa na shinikizo la chini. Vijana wa kabila hilo hilo walioingia jeshini na kula posho ya jeshi, yenye chumvi nyingi kuliko chakula cha nyumbani, shinikizo lao lilipanda katika miaka ya utumishi. Katika miaka ya 1980 kundi la watafiti, wakiwemo Neil Poulter na Peter Sever wa London pamoja na Mugambi wa Nairobi, lilifuatilia Wajaluo waliohamia Nairobi hivi karibuni na kuwalinganisha na wenzao wa vijiji vile vile waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Katika miezi michache tu ya kuishi mjini, wahamiaji walikuwa na shinikizo la juu kuliko wenzao. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi.

Fikiri maana yake. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake waliongeza ushahidi mwingine. Walipima watu wenye asili ya Afrika ya Magharibi mahali mbalimbali, wakakuta ugonjwa huu kwa watu 16 katika kila 100 huko Afrika ya Magharibi, 26 katika visiwa vya Karibi, na 33 Marekani. Aliyesema kwamba Mwafrika hawezi kuupata alikosea, na aliyesema kwamba Mwafrika amezaliwa nao alikosea vilevile. Wote wawili walitazama rangi ya ngozi na kusahau kutazama sahani na njia ya kwenda kazini.

Historia hizi mbili, ya maabara na ya vijiji, zinakutana katika utando wa ndani. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba chumvi ikizidi kidogo tu katika maji yanayozizunguka seli za utando, seli hizo hukakamaa na kutoa oksidi ya nitriki kidogo. Moshi wa sigara huuharibu utando huo. Sukari iliyozidi katika damu ya mwenye kisukari huudhuru. Kukaa kitako siku nzima huunyima ule msuguo wa damu unaouamsha. Hata kifafa cha mimba, kinachoua akina mama wajawazito, kinahusika hapa, kwa kuwa kondo la nyuma lililo gonjwa hupeleka katika damu ya mama vitu vinavyoudhuru utando wa mishipa yake, na shinikizo hupanda ghafula. Ndiyo sababu mama hufungwa mkanda kila aendapo kliniki, hata akijiona mzima.

Sasa tazama miji yetu. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na viwanda vikafuata. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, na mashamba ya kahawa ya Ruiru yakazidi kugeuka nyumba za kupanga. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na watu zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Wengi wao wametoka vijijini, kama Wajaluo wale wa utafiti. Waliacha jembe na njia ya kwenda mtoni, wakapata matatu, kiti cha ofisini, na viazi vya kukaanga vilivyonyunyiziwa chumvi kwa mkono usiohesabu. Safari iliyopimwa katika miaka ya 1980 haikukoma. Inaendelea kila asubuhi katika vituo vya Ruiru, Juja na Thika.

Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Huo ndio msiba wenyewe. Shinikizo la juu halina sauti. Halimwumi mtu, halimlazi kitandani. Hukaa miaka kumi likipasua kingo kidogo kidogo, hata siku moja mzee aliyekuwa akizungumza mezani akaanguka kwa kiharusi, na jamaa wakasema kwamba amerogwa, au ya kwamba ni kazi ya Mungu isiyo na sababu. Wengine hupewa dawa, na baada ya mwezi wakajiona wazima wakaziacha, kumbe walijiona wazima kwa sababu ya dawa hizo.

Wewe uliye shuleni huwezi kuponya ugonjwa huu, lakini waweza kuutangulia. Tembea kwa miguu panapowezekana, kwa maana kila hatua huuamsha utando wa mishipa yako. Usiongeze chumvi juu ya chakula kilichokwisha kutiwa chumvi jikoni. Usione haya kula mchicha, ambao wengi hapa huuita terere, kwa sababu mboga za majani za namna hiyo zina potasiamu, tena zina naitreti ambayo mwili huigeuza kuwa oksidi ya nitriki. Sigara usiiguse. Na ukipata kusoma sayansi zaidi, kumbuka kipande cha mshipa kilichochunwa. Unapopata matokeo yasiyolingana na kitabu, usiyafute upesi. Huenda mkono wako umegusa kile ambacho wengine wamekuwa wakikifuta.

Lipo jambo moja zaidi, nalo halihitaji fedha wala maabara. Namba zinazotakiwa ni mbili tu. Zikifika 140 kwa 90 au kupita, na zikarudi kuwa hivyo siku nyingine, daktari aonwe. Jioni hii, baada ya chakula, waulize baba, mama, nyanya na babu walio nyumbani kwako: mara ya mwisho walipimwa shinikizo la damu lini? Wakikaa kimya, wasindikize.